Mega Ameanza Shule

Msimu wa kukata miwa ulimkuta Mitsuyo amekwisha choka. Asubuhi alikuwa shambani na kaka yake Koei, upepo wa Januari ukiwachapa majani makavu usoni, wakikata na kusafisha na kupanga mafungu ya kupelekwa kiwandani. Mchana alirudi nyumbani, akamlisha mama yake uji wa mchele, akamlaza, kisha akaketi mezani na hedifoni masikioni kuanza kazi ile nyingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyommaliza. Mgongo wa shambani hupona kwa maji ya moto na usingizi. Lakini kusikiliza dakika moja ya maneno ya wazee na kuyaandika yote, pamoja na kukohoa kwao na kujirudia kwao, kulimla saa nzima, na alipovua hedifoni alijikuta amekaza meno kama mtu aliyekuwa amebeba jiwe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kamusi. Kisiwa chao ni kidogo, kando ya kisiwa kikubwa cha Miyako, kusini kabisa mwa Japani, na lugha yake wenyewe huiita mdomo wa kisiwa. Waliobaki wakiisema vizuri walikuwa wazee wachache, na kila baridi ilipopita walihesabika upya. Mwalimu Wakisaka, msomi kutoka bara, alikuwa akija miaka na miaka na kinasa sauti chake. Mwanzoni alimfuata Kikue, mama yake Mitsuyo, kwa sababu alikuwa na sauti safi na hakuchoka kuulizwa. Mitsuyo kazi yake ilikuwa kumimina chai. Siku moja Mwalimu alikwama kwenye sentensi, Mitsuyo akamtolea maana akiwa bado amesimama na birika. Tangu hapo birika likawekwa chini, akavishwa hedifoni.

Hata hivyo Mitsuyo hakuwa akiisema lugha ile. Aliielewa tu, kama mtu anavyoelewa redio ya jirani. Wazazi wake waliisema wao kwa wao, hasa wakigombana, au wakizungumza mambo ambayo watoto hawakutakiwa kuyajua. Wakimgeukia mtoto, waligeuza na ulimi. Kwa watoto ilikuwa Kijapani kitupu, Kijapani cha shule, tangu siku ya kuzaliwa. Kikue mwenyewe aliadhibiwa darasani kwa kutamka neno la nyumbani, akaapa kwamba wanawe hawataonewa kwa ajili ya midomo yao. Na kweli hawakuonewa. Koei alifanya kazi Osaka ujana wake wote na hakuna aliyemcheka. Mitsuyo alikaa dirishani benki ya Miyako hadi alipostaafu, na wateja walisema ana maneno mazuri.

Januari ile Mwalimu Wakisaka alikuja kwa mara ya mwisho. Mradi ulikuwa unafungwa Machi. Kamusi ilikuwa karibu kwisha, ila sehemu moja ilikuwa tupu.

"Ni maneno ya watoto wachanga," alimwambia Mitsuyo, akijisugua macho chini ya miwani. "Watu wanavyomlisha mtoto, wanavyombembeleza, wanavyomfundisha kutembea. Sina hata moja, Bi Mitsuyo."

"Umewauliza wazee?"

"Nimewauliza wote. Wananicheka."

Walimcheka kweli. Bibi mmoja wa upande wa bandari alimwuliza, "Mwalimu, nimsemeshe mtoto ambaye hayupo? Nimekuwa kichaa?" Wanawake wale walikuwa hawajambembeleza mtoto kwa lugha ile tangu walipokuwa wasichana wadogo, wakibebeshwa wadogo zao mgongoni. Wana wao wenyewe waliwalea kwa Kijapani. Maneno yalikuwa yamelala tangu hapo, na hayakuamka kwa kuulizwa.

Mwalimu alifika mpaka kununua mwanasesere wa plastiki, mwenye mashavu mekundu, akamweka mapajani mwa Kikue. Kikue alimtazama, akamnyoosha nguo, akamwinamia kwa adabu, akasema kwa Kijapani, "Karibu sana. Umetoka Tokyo? Pole na safari."

Koei alikuwa barazani akinoa mundu. Alicheka mpaka akaketi chini. "Mwalimu, huyo mtoto wako anaonekana wa kitajiri! Mama anamwogopa!"

Mwalimu naye alicheka. Lakini Mitsuyo aliona alivyomrudisha mwanasesere ndani ya mkoba, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyekwisha kubali kushindwa.

Wakati huo akili ya Kikue ilikuwa imeanza kutoka na kurudi. Kuna siku alijua ni mwezi gani na nani kafa kijijini. Kuna siku aliuliza kama baba yao amesharudi kutoka baharini, na baba yao alikuwa amekwisha kuzikwa siku nyingi.

Ikaja siku ya mvua, hakukuwa na kazi shambani. Mitsuyo alikuwa amepiga magoti barazani, akimwosha mama yake miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mara akahisi mkono kichwani. Mkono ule ulizishika nywele zilizomwangukia usoni, ukazipeleka nyuma ya sikio.

"Mega," mama yake alisema. "Njoo, njoo kwa dada. Tumbo linauma, ee? Njaa mbaya hiyo, tuipige. Dada atakupa nyamnyam. Aa, aa, nyamaza. Nani kamliza Mega wangu?"

Alisema kwa mdomo wa kisiwa. Wala haukuwa ule wa kwenye kinasa sauti, uliokaa wima ukijieleza. Huu ulikuwa mwororo, maneno mafupi yaliyorudiwarudiwa, sauti ngumu zote zimelainishwa kama chakula alichotafuniwa mtoto. Mitsuyo alielewa nusu. Mengine hakuwahi kuyasikia kwa mzee yeyote, na hayakuwamo kwenye kamusi.

Mega alikuwa mdogo wake Kikue. Jina lake liko kwenye madhabahu ya nyumbani ya kuwakumbuka wafu, nyuma ya kibao chenye jina la baba. Alikufa mwaka wa mwisho wa vita vya pili vya dunia, malaria na njaa vilipokipitia kisiwa, kabla hajajua kutembea sawasawa. Kikue alikuwa na miaka kumi na mbili, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba. Zaidi ya hayo hakuwahi kusimulia.

"Ndiyo, mama. Ngoja kidogo, maji yatapoa," Mitsuyo alijibu kwa Kijapani, akaendelea kuosha. Tangu azaliwe mama yake hakuwahi kumsemesha kwa lugha ile. Leo amemsemesha, na aliyesemeshwa si yeye. Hakujua alilie lipi kati ya hayo mawili, akachukua taulo akamfuta miguu.

Kesho yake shambani alimwambia kaka yake.

"Wewe una bahati," Koei alisema. "Mimi juzi aliniita mtu wa bima. Akanifukuza. Eti ameshaniambia hataki, nisimsumbue."

"Anasema kitoto, kaka. Kitoto cha kisiwa. Kile anachokitafuta Mwalimu."

Koei aliinuka na kishoka mkononi. "Sasa unangoja nini? Weka mashine."

"Simfanyii mama hivyo."

"We! Miaka yote hii mlikuwa mnamfanyia nini? Mnapiga soga?"

Mitsuyo aliinama akakata muwa mwingine, na mwingine. Lakini maneno yale yalimfuata mpaka nyumbani, na baada ya chakula cha mchana akaweka kinasa sauti juu ya meza, mbele ya mama yake, waziwazi. Taa yake nyekundu ikawaka.

Kikue aliiona. Akaketi wima, akanyoosha ukosi wa blauzi, akakohoa kidogo.

"Jina langu ni Kikue," alisema kwa Kijapani kilichopigwa pasi. "Nilizaliwa mwaka wa nane wa enzi ya mfalme Showa. Leo nitataja samaki."

Akawataja samaki kwa lugha ya kisiwa, mmoja baada ya mwingine, kama alivyowataja mara nyingi, bila kukosea hata mmoja. Alipomaliza akageuka.

"Inatosha?"

"Inatosha, mama. Ahsante sana."

"Mwalimu amechoka. Mpe chai."

Mwalimu hakuwapo. Mitsuyo alimimina chai ya yasmini akainywa mwenyewe, amesimama jikoni, akitazama ukuta.

Huenda angeliacha jambo hapo. Lakini siku chache baadaye Mwalimu Wakisaka alipita kuchukua kurasa zilizonakiliwa, akakaribishwa bakuli la tambi, akalala usingizi kabla hajalimaliza. Alilala amekaa, vijiti mkononi. Alipozinduka aliomba radhi mara tatu.

"Na baada ya Machi utakwenda wapi?" Mitsuyo alimwuliza.

"Sijui bado. Nimeandika maombi ya kazi kila mahali. Huenda nikapata kusimamia mitihani." Alitabasamu. "Mke wangu anasema nimesoma lugha ambayo haiwezi hata kuniagizia chakula."

Mitsuyo alimhurumia. Alijihurumia na yeye mwenyewe, na kazi yote ile, na hedifoni zilizomchubua masikio. Mwalimu alipoondoka, Mitsuyo alikichukua kinasa sauti, akakiwasha, akakisukuma chini ya taulo ndani ya kikapu cha nguo. Akakibeba kikapu mpaka chumbani kwa mama yake, akaketi kwenye mkeka na kuanza kukunja.

Alikunja mpaka nguo zikaisha, akazikunjua akazikunja upya. Kikue, kitandani, alikuwa na Mega muda wote huo. Alimlisha. Alimsuta kwa kujikojolea. Alimshika mikono Mitsuyo akamwinua kidogo, "Simama dede, simama dede, haya, dada yupo, huanguki," akapiga makofi mawili makavu, akafurahi. Mitsuyo aliitikia hapa na pale, akakunja mashati.

Alasiri, mama yake aliposinzia, aliketi na hedifoni kusikiliza. Alikuwa na kalamu. Sauti ilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Aliandika neno la kwanza geni, akaandika la pili, na mwili ukamsisimka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. Halafu akajisikia mwenyewe.

"Ndiyo, mama. Sawa, mama. Ngoja kidogo." Kijapani. Kila mahali, Kijapani, kwa ile sauti ya dirishani benki. Mtoto analishwa, anajibu kama karani. Na baada ya mojawapo ya majibu yake kulikuwa na kimya, ambacho chumbani hakukigundua kwa sababu alikuwa akitafuta pindo la shuka. Kisha mama yake akasema polepole, bado kwa mdomo wa kisiwa:

"Aa. Kumbe Mega ameanza shule."

Akaongeza:

"Vizuri. Vizuri, Mega. Sema hivyohivyo, usije ukapigwa."

Mitsuyo alivua hedifoni, akaziweka mezani, akainamisha kichwa juu ya mikono yake.

Koei alimkuta hivyo alipokuja kurudisha mundu. Alivaa hedifoni juu ya kofia yake, na Mitsuyo akamwanzishia sauti. Alisikiliza amesimama, buti zimejaa udongo, kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza, akimpa mgongo. Koei alielewa kidogo kuliko yeye. Lakini kuna maneno hayahitaji kueleweka.

Alipovua hedifoni alisema, "Na mimi? Nilipokuwa mdogo hivyo, aliniambiaje?"

"Kijapani, kaka. Sote Kijapani."

"Hata wimbo wa kulala?"

"Alituimbia zile za redioni. Hukumbuki?"

Koei alikumbuka. Alifuta pua kwa mgongo wa glavu, ikamwacha na mstari wa udongo usoni. "Basi mjibu," alisema. "Akikuita, mjibu kwa mdomo wa kisiwa. Ukiendelea na Kijapani chako atadhani tumempeleka Mega shule ya bweni." Akacheka peke yake, akaondoka bila kunywa chai.

Mitsuyo akaanza kumjibu. Siku ya kwanza kinywa kilimgoma. Alikuwa ameandika maelfu ya sentensi za lugha ile, alijua kitenzi kinabadilika vipi, lakini hakuwa na sentensi hata moja yake mwenyewe. Aliposema kwamba ameshiba, mama yake alikunja uso.

"Siyo hivyo. Hivyo ni kwa watu wakubwa." Akamsemea lile la kitoto. "Sema."

Mitsuyo akasema.

"Fungua mdomo zaidi. Sema."

Akasema tena. Kikue akamfinya shavu, lile shavu la mwanamke wa miaka sitini na moja lililopauka kwa upepo wa shambani, akaridhika.

Ikawa hivyo Februari yote, siku ambazo Mega alikuwapo. Siku nyingine Mitsuyo alikuwa mtu wa manispaa, au shemeji fulani aliyedaiwa kuiba kuku. Kinasa sauti kilibaki ndani ya sanduku lake. Alijiambia atakitoa kesho, lakini ukweli ni kwamba alikuwa hoi. Mara nyingi alipokuwa akibembelezwa alilala kwelikweli, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na aliamka akamkuta mama yake naye amelala, mkono ukiwa bado mgongoni mwake, chakula cha jioni hakijapikwa.

Mwalimu Wakisaka alikuja kuaga mwanzoni mwa Machi, na gari la kukodi. Mitsuyo alimweleza yote. Alimwekea mezani kinasa sauti chenye yale mazungumzo ya kikapuni.

Mwalimu alikitazama bila kukigusa. Rangi ilimtoka usoni, ikarudi. Mtu aliyelala na vijiti mkononi alikuwa ameona chakula.

"Mama alijua?" aliuliza.

"Hakujua."

"Basi siwezi kukichukua."

"Huwezi?" Mitsuyo alishangaa jinsi sauti yake ilivyopanda. "Umemwuliza mpaka majina ya magonjwa ya nguruwe! Siku ya mazishi ya mumewe umemwuliza waombolezaji husemaje! Leo ndiyo unaona haya?"

"Siku zile alikuwa akikubali. Mara nyingine alinikatalia, na nilizima. Unakumbuka, wewe ulikuwapo." Aliongea chini chini. "Kuhusu Mega alinikatalia. Nilimwuliza mwaka wa kwanza tu. Aliniambia, hiyo hapana."

Mitsuyo hakulijua hilo. Aliketi. Nje, lori la miwa lilipita likatikisa vioo, na wote wawili walingoja lipite kana kwamba lilikuwa likinaswa.

"Lakini wewe," Mwalimu alisema, "umeambiwa maneno hayo, umekosea ukarekebishwa, umeyasema mpaka yakakubaliwa. Ukitaka kunisemea wewe, hayo ni yako. Nitaandika jina lako."

"Mimi si msemaji."

"Ni nani aliyekufundisha?"

"Mama."

"Wasemaji wote niliowarekodi walifundishwa na mama zao."

"Usinichezee kwa maneno, Mwalimu. Nimechoka."

"Najua," alisema. "Na mimi nimechoka, Bi Mitsuyo. Kama ni hapana, ni hapana. Nitaandika kwamba sehemu hii haikupatikana. Haitakuwa aibu."

Aliinuka, akamsalimu Kikue chumbani, akainama mpaka chini. Kikue alimrudishia heshima akamwombea safari njema, lakini hakumtambua. Mwalimu akatoka akaingia garini.

Mitsuyo alisimama barazani na kandambili zake. Kwa kweli alitaka gari lile liondoke. Alitaka kulala. Lakini alifikiria ule ukurasa mtupu, na mtu fulani asiyemjua, akifungua kamusi baadaye na kudhani kwamba watu wa kisiwa chao hawakuwahi kubembeleza mtoto. Hilo lilimuudhi. Alivuka ua, akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Washa," alisema. "Upesi, kabla sijabadilika."

Alisema akitazama mbele, kwenye kioo kilichojaa chumvi ya bahari, mikono mapajani. Alianza na la kula. Akasema la kulala, la kuoga, la kumtisha mtoto asiende kisimani, la kumwinua apige hatua zake za kwanza. Palipohitajika aliinua mikono kana kwamba anamshika mtu viganja. Maneno ya Mega mwenyewe, ya njaa ile na homa ile, aliyaruka. Katikati lori jingine lilipita likaunguruma juu ya neno.

"Samahani," Mwalimu alisema. "Hilo la mwisho, unaweza kulirudia?"

"Siwezi," Mitsuyo alisema. "Liache na lori lake."

Akaliacha. Kisha Mwalimu akazima kinasa sauti, akaushika usukani kwa mikono miwili, akalia bila sauti, na Mitsuyo akatazama upande mwingine ili amalize. Mwalimu alipomaliza, Mitsuyo alimpa mfuko wa sukari guru ampelekee mkewe, akashuka.

Kiwanda cha sukari kilifunga milango katikati ya mwezi. Yale mazungumzo ya kikapuni Mitsuyo hakuyafuta wala hakumpa mtu. Yako ndani ya nyumba. Kikue hakumwita tena Mega. Alizidi kuwa kimya, na mwezi wa saba ugonjwa wa mapafu ulimzidi, wakamvusha daraja la baharini mpaka hospitali ya Miyako. Siku zake za mwisho zote alisema Kijapani tu, kwa wauguzi: ahsanteni, nawasumbua, poleni na kazi. Wauguzi walimpenda. Walimwambia Mitsuyo kwamba hawajaona mgonjwa mwenye maneno mazuri kama yale. Koei alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, kofia magotini, na kwa mara hiyo moja hakuwa na mzaha.

Kamusi ilifika msimu wa miwa uliofuata, nzito, imefungwa kwa karatasi ya kahawia. Mitsuyo alikuwa ametoka shambani. Alinawa mikono, akaifungua mezani, akatafuta ile sehemu. Ilikuwa kurasa mbili na nusu. Chini yake liliandikwa jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa, na neno msemaji. Mahali pa neno moja palikuwa na alama ya kuonyesha kwamba halikusikika vizuri.

Alisoma mara moja. Kisha akaifunga, akavuta zulia dogo karibu na hita, akajilaza ubavu na nguo zake za kazi, na kabla Koei hajafika kuomba chai alikuwa amekwisha lala.